Oili ya Pikipiki Huhesabiwa kwa Kilomita

Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri baina ya Uganda na Kenya. Leo huko Nabuyoga, wilayani Tororo, kazi hiyo hufanywa kwa pikipiki, na injini ikikwama, karo ya watoto nayo hukwama.

Wengi hungoja mwezi uishe ndipo wabadilishe oili. Lakini pikipiki iendayo kilomita 100 kwa siku hutimiza 2,000 kwa siku 20, ilhali ya askari aliye kambini huenda isifikishe hata robo yake. Basi isomwe mita, si kalenda. Kiwango hutolewa na kitabu cha mtengenezaji. Penye vumbi na mizigo ya magunia kipunguzwe, hata kwa nusu.

Injini hizi ndogo hubeba oili ipatayo lita 1 tu, na aghalabu hiyo hiyo huhudumia klachi na gia. Ndiyo sababu oili nyingi za motokaa hazifai: klachi huweza kuteleza. Kuongeza oili mpya juu ya kuukuu si kubadilisha, kwani uchafu husalia mle mle. Imwagwe injini ingali na uvuguvugu, ndani ya debe, mbali na kisima.