Mwenye Kinu Alala Wapi?

Jumamosi, kabla ukungu wa Meru haujafunguka, mashine ya kusaga ya hapa Kimandolu, Arusha, huwa imeshaanza kunguruma. Kina mama wamepanga madebe foleni. Anayetaka dona anapita moja kwa moja; wa sembe anasubiri mahindi yakobolewe kwanza. Kijana wa mashine ana unga hadi kwenye kope. Nyumba ya mwenyewe iko nyuma ya ukuta huohuo, na mkanda ukishika kasi, vikombe vyake kabatini vinagongana.

Vinu vikubwa vina historia nyingine. Upande wa pili wa jiji upo mtaa uliopata jina kutokana na kinu: Unga Limited. Watu wamezaliwa na kuzikwa pale wakijitambulisha kwa jina la kampuni. Nani aliimiliki, akilala wapi, wapita njia hawaulizi tena.

Jibu la hatima ya wenye vinu linaanzia hapahapa Arusha. Kuanzia Januari 26 hadi 29, 1967, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilikutana mjini hapa, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa. Siku chache tu baadaye mabenki yakataifishwa, vinu vikafuata.

Miongoni mwavyo kilikuwamo Chande Industries cha Dar es Salaam. Andy Chande, wa familia iliyokimiliki, alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, mji mdogo wa reli kati ya Tabora na Mwanza, ambako baba yake alifanya biashara. Mwalimu Nyerere alimwita, akamweleza kwa kinywa chake kwamba vinu vya familia vinachukuliwa na Serikali. Kisha akamwomba aviendeshe, safari hii kwa niaba ya Taifa. Chande akakubali, akaongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC.

Kila nikiifikiria siku hiyo, moyo unaniwia mzito. Alipofika nyumbani jioni, alianzaje kumweleza mkewe? Ametoka asubuhi akiwa mwenye mali, amerudi mwajiriwa wa mali ileile.

Zamu ya majumba ilikuja Aprili 22, 1971. Serikali ilipewa uwezo wa kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba anayokaa mwenyewe ikaachwa. Yaliyotwaliwa yakawa chini ya Msajili wa Majumba, hadi mwaka 1990 yalipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Naamini sheria ile iliumiza familia nyingi za Kihindi kuliko ile ya vinu, maana ghorofa la kupangisha ndilo lililokuwa akiba ya uzeeni. Wengi walifunga virago wakaenda Uingereza na Kanada.

Chande hakuondoka. Alibaki mkazi wa Dar es Salaam mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2017, karibu nusu karne baada ya kinu kuacha kuwa chake.