Tapeli hupenda palipo na imani

Asubuhi ya Oktoba 15, 1985, mabomu mawili yalilipuka katika jiji la Salt Lake City na viunga vyake, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Watu wawili walifariki dunia. Kesho yake bomu la tatu lilimjeruhi mwanamume mmoja kwenye gari lake, na haukupita muda polisi wakaanza kumwona majeruhi huyo kuwa ndiye mtuhumiwa. Aliitwa Mark Hofmann, mfanyabiashara wa nyaraka za kale. Alilelewa katika familia ya Kimormoni, akatumikia umisionari Uingereza, na kwa miaka mitano alikuwa akiwauzia Wamormoni wenzake historia aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Kisa hicho kina miaka arobaini sasa, lakini kinamhusu kila muumini mwenye simu mfukoni. Muumini ana watu wa aina mbili wa kukabiliana nao: anayeishambulia imani yake na anayeivizia pochi yake. Wengi hujiandaa sana kwa ajili ya huyo wa kwanza, wakamwachia wa pili mlango wazi.

Salt Lake City ni makao makuu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama kanisa la Wamormoni. Lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York na Joseph Smith, aliyesema malaika Moroni alimwelekeza kwenye mabamba ya dhahabu, na kutokana na mabamba hayo akatoa Kitabu cha Mormoni. Kwa umri wa dini, mwaka 1830 ni jana. Barua, shajara na magazeti ya wakati ule bado yapo, na kwa hiyo anayelishambulia kanisa hilo na anayelitetea wote hukimbilia makabrasha. Hofmann aliliona soko hilo. Karatasi ya kulipa kanisa nguvu ingepata mnunuzi, na ya kulitia aibu ingepata mnunuzi pia.

Karatasi yake iliyovuma kuliko zote ilikuwa barua ya mwaka 1830, eti iliyoandikwa na Martin Harris, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa Joseph Smith. Ndani yake hakukuwa na malaika. Kulikuwa na salamanda mweupe, kiumbe mwenye umbo la mjusi, aliyegeuka kuwa roho na kuyalinda mabamba. Mfanyabiashara mmoja, muumini, aliinunua kwa dola 40,000 mwaka 1984, na mwaka uliofuata akaikabidhi kwa kanisa. Huyo ndiye mmoja wa wawili waliouawa kwa mabomu ya Oktoba.

Watetezi wa kanisa walikuwa na kazi ngumu. Agosti 1985 Dallin H. Oaks, wakati huo mmoja wa Mitume Kumi na Wawili wa kanisa hilo na leo rais wake, aliwakumbusha walimu wa dini kwamba zamani salamanda alidhaniwa kuwa kiumbe awezaye kuishi ndani ya moto, hivyo barua hiyo haikuwa lazima ipingane na habari ya malaika. Yalikuwa maelezo ya msomi, na yalitolewa kwa nia njema. Kasoro yake ni kwamba yalikuwa yakifafanua karatasi ya kughushi.

Aliyeishuku mapema alitoka upande ambao watu hawakuutazamia. Jerald Tanner na mkewe Sandra, kilembwe wa Brigham Young, kiongozi wa pili wa kanisa hilo, walikuwa wamelihama na kuwa wakosoaji wake wakubwa. Barua ya salamanda ilikuwa dhahabu kwao. Lakini mwaka 1984, kwenye jarida lao dogo, Jerald alitangaza mashaka: maneno ya barua yalifanana kupita kiasi na kitabu cha kuwashambulia Wamormoni kilichochapishwa mwaka 1834. Marafiki walimshangaa. Yeye hakutaka kushinda hoja kwa karatasi asiyoiamini.

Baadaye wachunguzi wa nyaraka walibaini kwamba wino wa karatasi za Hofmann ulikuwa na nyufa ndogondogo zilizotokana na kuzeeshwa kwa kemikali. Januari 1987 alikiri kuua na kutapeli, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kwa mtu anayetaka kuitetea imani yake, mwenye la kufundisha hapa ni yule mkosoaji. Kabla ya kujibu hoja, uliza imetoka wapi. Na ukiuliza hivyo kwa habari inayokuchoma, uliza vilevile kwa ile inayokufurahisha.

Utetezi usioficha

Wamormoni wa Afrika Mashariki wanazijua hoja za wapinzani kwa sababu huzisikia kwa majirani, kazini na hata mezani nyumbani. Je, ninyi ni Wakristo kweli? Mbona mwanzilishi wenu alioa wake wengi? Lakini linalouma zaidi kwa Mwafrika ni hili: si kanisa lenu lilikuwa likiwakataa weusi?

Jibu la kweli lina sehemu ambazo mtetezi angependa kuziruka. Kwa zaidi ya miaka mia moja, wanaume wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani katika kanisa hilo. Zuio hilo liliondolewa Juni 1978. Desemba 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo kuhusu historia hiyo, likazikana nadharia zilizowahi kutumika kuitetea, ikiwemo ile ya kwamba weusi ni alama ya laana. Katika mfululizo huohuo lilieleza pia habari za wake wengi wa Joseph Smith.

Muumini anayeyajua hayo hatikiswi akiulizwa. Anasema: ndiyo, lilitokea, lilikoma mwaka fulani, kanisa linasema hivi, na mimi bado ninaamini kwa sababu hizi. Asiyeyajua atabisha, ataambiwa asome, na atakayoyasoma yatamtia aibu mara mbili: kwa yaliyotokea na kwa ubishi wake. Waliokana mambo yaliyoandikwa wameivunjia imani yao heshima kuliko wapinzani wote.

Utetezi pia hauhitaji matusi. Mwaka 2011 mchezo wa muziki uitwao The Book of Mormon ulizinduliwa Broadway, New York, ukiwachekesha watazamaji kwa vituko vya wamisionari wawili wa Kimormoni waliopelekwa Uganda. Kanisa lingeweza kuandamana au kwenda mahakamani. Badala yake lilitoa taarifa fupi ya upole, kisha likanunua nafasi za matangazo katika vijitabu vya mchezo huo, likiwaalika watazamaji wakisome na kitabu chenyewe. 

Kitabu cha Mormoni kinasomwa kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, Kinshasa ina hekalu tangu 2019, na Nairobi ilipata lake Mei 2025. Vijana wa kanisa hilo watajibu maswali mengi kuliko wazazi wao, kwa kuwa kila hoja ya mpinzani iko kwenye simu zao.

Dakika zilizoyeyuka

Simu hiyohiyo ndiyo njia anayopitia tapeli. Kabla ya simu za intaneti kuenea, wahamiaji Marekani walipiga nyumbani kwa kadi za kulipia kabla, zile za kukwangua namba. Ziliuzwa kwenye maduka madogo ya mitaani, zikiwa na matangazo ya lugha za wateja na ahadi ya dakika tele kwa dola chache. Mama aliyetaka kusikia sauti ya wanawe Mombasa au Bujumbura alinunua, akapiga, na salio likaisha katikati ya salamu.

Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilizifungulia mashtaka kampuni za kadi hizo za Florida na New Jersey. Ilikuwa imezijaribu kadi zenyewe, ikakuta zinatoa takriban nusu tu ya dakika zilizotangazwa. Zilizobaki zililiwa na makato yaliyoandikwa kwa herufi ndogo au yasiyoandikwa kabisa: ada ya kuunganisha simu, ada ya kila wiki, ada ya kukata simu, na kuzungusha dakika moja kuwa tatu. Mwaka uliofuata kampuni hizo zilikubali kulipa mamilioni ya dola kumaliza kesi. Kwa mteja mmoja mmoja ilikuwa vigumu kushtaki, maana nani ataenda mahakamani kwa dola tano?

Kadi hizo zimepungua, utapeli umehamia kwingine. Mwaka 2019 tume hiyohiyo iliwaonya waumini wa dini mbalimbali kuhusu ujumbe unaojifanya umetoka kwa mchungaji, rabi, padri au imamu. Kiongozi huyo bandia humwomba muumini anunue kadi za zawadi kwa ajili ya mgonjwa au mhitaji, kisha amtumie namba za nyuma ya kadi. Ukishazitaja, fedha zimekwenda. Huku kwetu mbinu hiyo ina ndugu zake: anayeomba umsomee namba za vocha, anayesema amekutumia pesa kwa makosa, na yule maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Utah inalijua hilo kuliko wengi. Waumini wanaoaminiana, wanaofanya biashara na kusali pamoja, wamekuwa shamba la matapeli wa uwekezaji kwa miongo mingi. Mwaka 2008 viongozi wakuu wa kanisa waliwaandikia waumini kuwaonya dhidi ya miradi ya ulaghai. Mwaka 2015 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuweka mtandaoni orodha ya waliotiwa hatiani kwa utapeli wa fedha, la kwanza Marekani kufanya hivyo. Tapeli wa aina hiyo haanzi na fedha. Huanza na sala, hutaja kata yake ya kanisa na askofu wake, na akishaitwa ndugu hakuna anayemwomba risiti. Hofmann aliingia kwa mlango huohuo.

La kufanya linafahamika. Ujumbe wa kiongozi wako ukitaja fedha, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, wala si kwa namba iliyoleta ujumbe. Usimsomee mtu namba za vocha, za kadi ya zawadi wala za siri kwenye simu. Mtu mwema haziombi. Muamala wa "makosa" uhakikishe kwa kuangalia salio lako mwenyewe, na kama fedha zimeingia kweli, mwache mtumaji aombe kampuni ya simu izirudishe. Tanzania, namba na ujumbe wa tapeli utume 15040. Kwa wateja wa Safaricom Kenya, 333. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na viongozi wa dini, wa Kimormoni na wengineo, watenge dakika tano za tangazo la ibada kulisema hili wazi: ofisi ya kanisa au msikiti haiombi vocha kwa ujumbe wa simu, na anayetumia jina la Mungu kuomba fedha aulizwe maswali mengi zaidi ya wengine, siyo machache. Kumhoji si kukosa imani. Imani inayoogopa maswali haitamshinda mkosoaji, na fedha za mwenye imani hiyo haziko salama.