Chapeo ya Alexander

Muhula uliopita niliandika insha ya semina nikadai kwamba picha ya Albrecht Altdorfer inayoonyesha vita vya Issus ni kazi iliyoshindwa. Hoja yangu haikuwa na mzunguko. Vita vilipiganwa mwaka 333 K.K., picha ilichorwa 1529, na askari wa Alexander wa Makedonia wamevikwa deraya za chuma kama za wapiganaji wa farasi wa Ujerumani wa siku za mchoraji. Waajemi nao eti wana vilemba kama Waturuki! Nikacheka, nikaweka nukta, nikakabidhi. Insha ilirudi na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Na deraya ya kweli ilikuwaje?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta, maana naona sisi wahakiki wanafunzi tuna mazoea ya kumhukumu msanii kwa kipimo ambacho wenyewe hatujakishika mkononi.

Hebu tuanze na kilichofukuliwa ardhini. Mwaka 1977 Manolis Andronikos alifungua kaburi la kifalme huko Vergina, kaskazini mwa Ugiriki. Ndani yake mlikuwa na dirii ya chuma yenye mapambo ya dhahabu, chapeo ya chuma, ngao ya fahari ya dhahabu na pembe za ndovu, na vikinga vya miundi ambavyo kimoja ni kifupi kuliko mwenzake. Wataalamu wanabishana hadi leo kama mwenye kaburi ni Philip II, baba yake Alexander, au Philip III Arrhidaeus, ndugu yake wa baba mmoja. Ubishi huo tuwaachie. Kinachonihusu ni mkato wa ile dirii: bamba la kifua, na vipande viwili vya mabegani vinavyoshuka kufungwa kwa mbele. Ni mkato wa dirii za kitani, ila huyu kashonewa kwa chuma.

Sasa linganisha na picha ya vijiwe iliyogunduliwa Pompeii mwaka 1831 katika sakafu ya nyumba ya tajiri mmoja, ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Napoli. Ilitengenezwa yapata mwaka 100 K.K., kwa vijiwe zaidi ya milioni moja, na wengi huamini kuwa ilinakili mchoro wa Kigiriki wa karne ya nne K.K. Humo Alexander anamkimbilia Darius III juu ya farasi, na dirii yake ina mkato uleule wa Vergina. Mikuki mirefu ya Kimakedonia imesimama nyuma kama msitu. Kwa hiyo fundi wa Pompeii, au yule aliyemnakili, alikuwa na habari za kuaminika, na jembe la Andronikos limekuja kumtetea baada ya karne ishirini na ushei. Si haba.

Lakini mbona kichwa kiko wazi? Mfalme anaongoza shambulio la farasi katikati ya mikuki, nywele zinapepea, chapeo hana! Plutarch, aliyeandika maisha yake karne kadhaa baadaye, anasema kwamba kwenye vita vya Granicus, mwaka 334 K.K., Alexander alijulikana kwa manyoya meupe makubwa ya chapeo yake, na kwamba Gaugamela, mwaka 331 K.K., alivaa chapeo ya chuma iliyong'aa kama fedha, kazi ya fundi Theophilos. Nadhani jibu ni jepesi: chapeo ingeuficha uso, na picha hii ni ya uso. Msanii amekuwa mwaminifu kifuani, akadanganya kichwani, na kadanganya pale palipo na shabaha yake.

Kichwa hicho kina vituko vingine. Kwenye sarafu za fedha za Alexander kuna kichwa cha Herakles aliyevaa ngozi ya simba, na kwenye sanduku la mawe la Sidon, lililopatikana 1887 na kuhifadhiwa Istanbul, Alexander mwenyewe anapigana na kichwa cha simba juu ya chake. Lysimachus, jemadari wake, alimtoa kwenye sarafu akiwa na pembe za kondoo dume (waliopita madrasa watamkumbuka Dhulkarnaini, ambaye baadhi ya wafasiri wamemhusisha na mtu huyuhuyu). Sarafu za dhahabu zina mungu wa kike Athena amevaa chapeo. Basi wasanii wa Ulaya wa karne ya 15 na 16, katika kutafuta usahihi kwa bidii, walimwona Athena wakadhani ndiye mfalme, wakamvika mwanamume chapeo ya mwanamke! Kosa hilo lilitokana na utafiti, bwana, halikutokana na uvivu.

Wala msidhani mwenyewe alikuwa nje ya mchezo. Plutarch huyo huyo anatueleza kwamba Alexander alimtaka Lysippos peke yake amchonge, na kwamba Lysippos alimlaumu mchoraji Apelles kwa kumshikisha radi mkononi, kwani mkuki ndio uliokuwa wake kweli. Mjadala wetu wa semina ulianza kabla mfalme hajazikwa.

Nikamrudia Altdorfer. Mwaka aliochora, majeshi ya Waturuki yaliizingira Vienna. Vile vilemba havikumpotea mchoraji; aliwafanya watazamaji wake waione vita ya zamani kama yao. Halafu kuna maelfu ya askari wadogo kama siafu, na Alexander humwoni mpaka umtafute kwa kidole. Picha ya Pompeii, yenye dirii sahihi, inatuambia vita ni watu wawili wanaotazamana. Kati ya hizo mbili, ipi iko karibu zaidi na jinsi watu wanavyokufa vitani? Nina jibu langu.

Insha nimeiandika upya, na neno "kushindwa" nimelifuta. Ila anayeichukua picha ya Altdorfer na kuibandika kwenye kitabu cha historia cha watoto, bila kuwaambia deraya hizo ni za nani, huyo bado ana kesi ya kujibu.