Nyaya Tisa Kati ya Kompyuta na Modemu

Tuchukue modemu ya mtandao wa simu za mkononi, kama ile inayopeleka vipimo vya mvua kutoka kituo kilicho mbali na mji. Upande mmoja ina antena, na upande wa pili ina kiungio chenye pini tisa. Antena hushughulika na mawimbi ya redio. Pini hushughulika na kompyuta. Mtu asiyezielewa pini hizo aweza kupoteza vipimo vyake, au hata kuiunguza modemu.

Kanuni za kiungio hiki, ziitwazo RS-232, zilitolewa Marekani mwaka 1960, yaani miaka 13 kabla ya simu ya kwanza ya mkononi kupigwa mjini New York.

Pini mbili ni za data: TXD na RXD. Majina haya hutazamwa kutoka upande wa kompyuta. TXD ni njia ambayo kompyuta hupelekea data. Kwa hiyo, kwenye modemu, TXD ni mlango wa kuingilia. Ndiyo sababu TXD huungwa na TXD, bila kupishanisha nyaya. Lakini watengenezaji wengine hutaja majina kwa kinyume; hivyo ni lazima kusoma kwanza kitabu cha maelezo.

Biti hupita moja baada ya nyingine. Herufi moja kwa kawaida huchukua biti 10: moja ya kuanzia, nane za herufi yenyewe, na moja ya kumalizia. Basi, kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, hupita herufi 11,520.

Pini ya tano ni ya waya wa pamoja, ambao volti za nyaya zote hupimwa kutoka kwake. Sita zilizobaki ni za ishara za uongozi. Kwa DTR kompyuta husema, "Nipo tayari," na kwa DSR modemu hujibu vivyo hivyo. DCD huarifu kwamba mawasiliano na upande wa mbali yamepatikana. RI huarifu kwamba simu inaingia. Ishara hii yaweza kuiamsha kompyuta iliyolazwa ili kuokoa betri. RTS na CTS huongoza mwendo wa data: kila upande huutumia waya wake kumwambia mwenzake aendelee au asubiri.

Umuhimu wa CTS waonekana hivi. Tuseme kompyuta inapeleka herufi 11,520 kwa sekunde, lakini njia ya redio inachukua 5,000 tu. Kila sekunde herufi 6,520 hubaki katika ghala la modemu. Ghala la herufi 32,600 litajaa baada ya sekunde 5. Modemu itazima CTS. Ikiwa waya huo haukuungwa, kompyuta haitajua, na herufi zinazofuata zitapotea.

Mwisho, tahadhari. Katika RS-232, biti 1 ni volti kati ya -3 na -15, na biti 0 ni kati ya +3 na +15. Modemu nyingi ndogo zisizo na kasha hutumia volti 1.8 au 3.3 tu. Kuziunga moja kwa moja ni kuziharibu. Kibadilisha volti ni lazima kiwe katikati.

Zoezi: Kasi ya waya ikipunguzwa hadi biti 9,600 kwa sekunde, je, ghala hilo litajaa? Eleza sababu.