Mchanga Mweusi Haupimwi kwa Macho

Mgodi wa Base Titanium huko Kwale, Kenya, ulifungwa Desemba 2024, baada ya uzalishaji wa takriban miaka 11. Kiwanda cha kuchenjua kilikuwepo, gati la Likoni lilikuwepo, mafundi walikuwa wameiva. Kilichokwisha ni mchanga wenye faida.

Madini yaliyotafutwa kwenye mchanga huo, yaani ilmenaiti, rutaili na zirkoni, hutoka kwenye miamba mikongwe ya bara. Mvua huimomonyoa, mito husomba punje hadi pwani, na huko mawimbi na upepo hufanya kazi ya ungo: mchanga wa kawaida, wenye uzito wa mara 2.65 ya maji, hupetwa ukaenda zake. Ilmenaiti, inayokaribia mara 4.7, husalia. Ndiyo ile mistari myeusi ufukweni maji yakipwa. Ni dalili tu, si mali.

Mali hutafutwa kwa kuchoronga. Mtambo hupandisha mchanga kwa nguvu ya hewa, na sampuli huchukuliwa kila baada ya mita chache. Maabara huchekecha changarawe, hupima tope kando, kisha hutia mchanga uliobaki kwenye kimiminika kizito ambamo mchanga wa kawaida huelea na madini huzama. Kilichozama ndicho asilimia wanayotangaziwa wawekezaji.

Hapo ndipo wengi hupotea. Asilimia 5 ya madini mazito haisemi ni madini gani. Huenda mengi ni ganeti, isiyofikia bei ya rutaili. Sumaku huvuta ilmenaiti na kuacha rutaili na zirkoni, na hizo mbili hutenganishwa kwa umeme. Hata ilmenaiti yenyewe, ikiwa na kromu nyingi, watengenezaji wa rangi nyeupe huikataa, nao ndio wanunuzi wakuu wa madini haya ya titani duniani. Tope likizidi, gharama za maji na mabwawa ya kulihifadhi hula faida.

Kazi hiyo ya kuchoronga na kupima huchukua miaka, na Kwale miaka ilipotea. Novemba 2019 Kenya ilisitisha leseni mpya za madini, na zuio likadumu hadi 2023, huku mgodi ukila akiba yake. Mwezi uleule wa 2019 Madagascar nayo ilisimamisha mradi wa mchanga wa madini wa Toliara, wa kampuni mama ya Base Titanium. Lakini Toliara palikuwa pameshachorongwa na kupimwa. Oktoba 2024 Energy Fuels ya Marekani iliinunua kampuni hiyo mama, shabaha yake kubwa ikiwa Toliara; mwezi uliofuata Madagascar ikaondoa zuio. Mwezi mmoja baadaye, Kwale ikafungwa.