Je, Wajua? Uso wa Askari Hautaki Rangi Nyeupe

Kuna watu wazima, wengi wao Uingereza, Ufaransa na Marekani, ambao starehe yao ni kupaka rangi vijisanamu vya wanajeshi wa zamani, kisha kuvipanga mezani na kupigana upya vita vilivyokwisha. Kipimo kinachopendwa sana ni milimita 28, kutoka nyayo hadi macho. Uso wenyewe haufiki milimita 5 kwa upana. Wakifika kwa askari wa Kiafrika, awe wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902, au wa jeshi la Wajerumani lililopigana Tanga Novemba 1914, wengi hukwama.

Tatizo ni mazoea. Kwa uso wa Mzungu, fundi hupaka rangi ya msingi, kisha huongeza nyeupe kidogo kidogo panapopigwa na mwanga. Akifanya vivyo hivyo juu ya kahawia iliyokolea, askari hutoka amepauka, kana kwamba ameoga akasahau kujipaka mafuta. Na hapo hajafananishwa bure. Nyeupe ya kopo hutokana na titani dioksaidi, chembe zinazotawanya mwanga kila upande. Ngozi kavu nayo ina vigamba vidogo mno vinavyoutawanya vilevile. Mafuta huziba nafasi za hewa kati ya vigamba, mwanga ukapenya, weusi ukarudi.

Mwanga ukigonga ngozi, asilimia 4 au 5 hivi hurudi papo hapo kutoka juu, hata mtu awe na rangi gani, na hubaki na rangi ya ulikotoka. Uliobaki huzama ndani. Kwa mtu mweupe, sehemu kubwa hutoka tena na kuumeza mng'ao wa juu. Kwa mtu mweusi, melanini huunyonya, hasa upande wa buluu, na kidogo kinachotoka huwa kahawia yenye wekundu. Ndiyo maana paji la uso mweusi lililotazama mbingu lina mng'ao wa kibuluu, na hapo hapo pembeni weusi mzito.

Basi fundi anayejua huanza na kahawia nzito yenye wekundu, akaipandisha kwa rangi ya udongo mwekundu au chungwa, tabaka jembamba juu ya jingine, rangi ikiwa imezimuliwa kwa maji. Kwenye vivuli hutia zambarau. Nyeusi tupu huua uso. Mwisho kabisa, kwa ncha ya brashi, nukta za kijivu chenye buluu kwenye paji, mifupa ya mashavu na pua. Macho nayo yasiwe meupe pe, la sivyo kikosi kizima kitakuwa kimeshtuka.

Kinachoniudhi mimi ni kikosi kizima kuchovywa kwenye kopo moja. Mjerumani Hermann von Wissmann, alipoanza kuunda jeshi la Wajerumani mwaka 1889, aliajiri Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Baadaye wakaingia Wanyamwezi na Wasukuma. Mstari mmoja ulikuwa na mweusi ti na maji ya kunde bega kwa bega. Aliyechonga Sanamu ya Askari, pale Samora na Maktaba jijini Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, hakuwa na kazi hii: kwenye shaba nyeusi, uso na magwanda ni rangi moja. Mpaka rangi ana kaki pia, na kaki iliyofifia hufanya ngozi iliyo jirani yake ionekane nyeusi kuliko ilivyo. Afadhali apake sare kwanza, ndipo aamue uso.

Viganja na nyayo hupewa rangi nyepesi, kwani seli zinazotengeneza melanini ni chache huko. Askari wengi wa King's African Rifles walikwenda vitani peku, kwa hiyo miguu ina vumbi. Vumbi hutawanya mwanga kwelikweli. Chini ya magoti, basi, fundi ana ruhusa ya kupausha atakavyo.