Mustakabali wa Msitu wa Amani Uko Chini ya Magoti

Ukisimama barabarani Amani, Usambara Mashariki, ukautazama mteremko ulio mbele yako, utaona msitu wa kijani usio na pengo. Lakini msitu huo unaouona ni wa zamani. Miti yake mikubwa ilichipua kabla babu yako hajazaliwa, enzi ambazo ndege na wanyama wanaosambaza mbegu walikuwa tele. Ukitaka kujua kama msitu huo utakuwepo miaka mia ijayo, inama utafute miche. Ndiyo maana nasema hesabu ya miche ina uzito kuliko picha zote za kutoka angani.

Kazi yenyewe huanza kwa kupima ploti, mathalani ya mita 20 kwa 50. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Shina likiwa na mizizi mipana ya ubavuni, kipimo hupandishwa hadi juu ya mizizi hiyo, la sivyo mti utaandikwa mnene kuliko ulivyo. Miti michanga huhesabiwa kwenye ploti ndogo zaidi, na miche kwenye vimraba vya mita 2 kwa 2, mtafiti akiwa amepiga magoti. Mlima nao una masharti yake. Eneo la msitu hukadiriwa kwa umbali wa mlalo, kwa hiyo kwenye mteremko wa nyuzi 30 mita 20 za ramani ni takriban mita 23 za kutembea. Asiyesahihisha tofauti hiyo hupata ploti ndogo kuliko anavyodhani, kisha hutangaza kwamba msitu wa mlimani una miti michache.

Bado kuna majina. Wazee wa Kisambaa huutambua mti kwa kukwangua gome na kunusa, na sijaona timu inayofanya kazi nzuri bila wao. Hata hivyo jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi mbili, na mche wenye majani manne hauna ua wala tunda la kuutambulisha. Hivyo tawi hukatwa, hubanwa kati ya magazeti, hukaushwa, kisha hulinganishwa na vielelezo vilivyohifadhiwa, kama vile vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hesabu hizo zimekwisha kutufunulia mambo mazito. Mwaka 2003 Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha utafiti wao kuhusu Leptonychia usambarensis, mti ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Kwenye vipande vidogo vya msitu, ndege hao walikuwa wamepungua. Mbegu nyingi zilibaki palepale chini ya mti mama, na miche iliyoota mbali naye ilikuwa michache kuliko ndani ya msitu mkubwa. Mpita njia asingegundua lolote, maana miti mikubwa bado ilikuwa imesimama.

Kisa cha mesopsi, ambao Waganda huuita musizi, ni kinyume chake. Mti huu uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Ukataji mkubwa wa magogo, ulioendelea hadi miaka ya 1980, uliacha mapengo yenye jua. Hondohondo wakala matunda ya mesopsi na kuangusha mbegu humo. Watafiti wakahofu kwamba ungeumeza msitu wote. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ila mche wa mesopsi hauvumilii kivuli. Kwa hiyo swali la kuuliza chini ya mesopsi mkubwa ni hili: miche inayokua hapo ni ya nani? Ikiwa ni ya miti ya asili, kuukata mesopsi ovyo kunaweza kufungua pengo jingine la kuotesha mesopsi wapya.

Mti unaonitia wasiwasi zaidi ni msambu. Mbegu zake hutoa mafuta, na tangu miaka ya 2000 wanavijiji wamekuwa wakiziokota na kuziuza. Kipato hicho ni halali na kinahitajika. Lakini mbegu ya msambu huweza kukaa ardhini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, ndipo ichipue, na panya buku nao huzitafuta. Isitoshe, miti dume haizai. Tukihesabu misambu mikubwa pekee, tutaridhika bure.

Ziara moja pia haitoshi. Baada ya msimu mzuri wa matunda sakafu ya msitu hujaa miche, na mingi hufa kabla ya kufika kimo cha goti. Ploti inapaswa kuwa ya kudumu, kila mche ukiwa na kibati chenye namba yake, na watu wale wale, pamoja na vijana wa vijiji vya jirani waliofundishwa kazi hiyo, warudi kuipima kila baada ya miaka michache. Amani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Fedha za kufuatilia miche yake zingestahili kupangwa kila mwaka pamoja na posho za doria, kwa kuwa doria humzuia mwenye msumeno tu. Haina namna ya kuona spishi iliyoacha kuzaa.